Mtihani Ambao Kaka Hakufeli

Kaka yangu aliporudi likizo kutoka masomoni Ulaya, meli yake iliingia asubuhi, na kabla ya adhuhuri mama alikwishawaambia majirani kuwa mwanawe amefeli.

Hakufeli. Alikuwa amepewa nishani ya uchumi kwa utafiti wake juu ya wakulima wa karafuu wa Kidichi, hapa kisiwani kwetu. Mama alipoiona alifunga mlango na madirisha. Aliifunga kwenye kanga, akaitia chini kabisa ya sanduku, akafukiza ubani nyumba nzima mpaka tukakohoa.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kaka yetu mkubwa, aliyemtangulia huyu, alipokhitimu Kurani, mtaa wetu wote wa Malindi uliisifu sauti yake. Wiki ile ile homa ikamchukua, tukamzika. Daktari alisema malaria, mama akasema husuda. Mimi, mjuaji wa nyumba, nilijifanya namwamini daktari, lakini kila aliyepiga hodi alinitia hofu.

Na walipiga hodi kwelikweli. Watu wetu kwa kupeleka pole hawana mpinzani. "Kafeli, masikini," mama aliwaambia huku akimimina kahawa. "Nnamwombea dua tu." Kaka alikaa pale pale na suti yake, ameinamisha kichwa. Hakumkanusha mama yake hata mara moja.

Siku ya Ijumaa akaja mshenga, yule yule aliyepeleka posa ya kaka.

"Bi Mkubwa, baba wa binti kasema tuivunje posa. Hatompa mwanawe mtu aliyeshindwa masomo."

Mama akalitazama sanduku. Kaka alimpenda sana binti yule, na sote tulijua.

"Mama, nimwoneshe nishani?" nilimnong'oneza.

"Nyamaza. Mke atapata mwengine. Mwana mwengine mimi ntamtoa wapi?" Kisha akamgeukia mshenga. "Mwambie nshasikia."

Kaka alipanda meli iliyofuata, akachukua kazi ya kufundisha huko huko Ulaya, akaoa huko huko. Vitabu vyake juu ya umaskini wa wakulima vinasomeshwa vyuoni mpaka leo.

Miaka mingi baadaye redio ilitangaza kuwa amepata tuzo kubwa ya wachumi. Safari hii hapakuwa na la kuficha. Mama, mzee sasa, alinishika mkono kwa nguvu mpaka ukaniuma. Nikamuuliza kama amefurahi.

"Yu hai," alisema.

Hakuwa amemwona mwanawe tena tangu alipoondoka.