Namna Nilivyoshuka Garini Muleba

Kabla sijapasuliwa mgongo sikujua kwamba kukaa ni kazi. Nilikuwa fundi cherehani pale Miembeni, Bukoba, kwenye kibaraza cha duka, enzi za Mwingereza, na kwa miaka mingi niliinama juu ya nguo za watu bila kujiuliza ni mfupa gani unafanya nini. Halafu mgongo ukagoma. Mguu wa kushoto ukafa ganzi, nikapandishwa meli kwenda Kampala, na huko daktari mmoja akanifumua kama koti la zamani na kunishona upya.

Siku walipoondoa bandeji nilimwomba muuguzi alete vioo viwili nione mshono. Akacheka sana. Nikamwambia, "Dada, hii ndiyo kazi yangu, nataka kuona mwenzangu kashona vipi." Ulikuwa mshono wa kawaida tu, hatua zake pana, mimi ningetumia uzi mwembamba zaidi. Lakini nilimrudishia vioo, nikamshukuru. Mtu akikuokoa humkosoi pindo.

Sasa niseme mapema jambo lililokuwa likiniuma kuliko huo mgongo. Mke wangu hakuwa nyumbani, na kosa lilikuwa langu, ingawa siku zile ungenichoma kwa pasi nisingekubali. Kabla ya Kampala aliniuguza miezi minne. Asubuhi alinitoa kitandani, akaniweka kitini, jioni akanirudisha. Siku moja maumivu yamenipanda, wateja wamejaa kibarazani, yeye ananiletea uji, nami nikamwambia mbele yao wote, "Tangu nikuoe sijaona jema. Wewe ni kisirani. Wewe ndiye uliyenivunja mgongo."

Aliweka kikombe chini taratibu, akaingia ndani, akafunga nguo zake, akapanda basi la Muleba akaenda kwao. Hasira hasara, wanasema, na mimi hasara yangu niliipata siku ileile. Meli nilipanda peke yangu.

Nilipopona kiasi cha kutembea, baba mkwe alimtuma mtu na salamu: "Mwambie aje mwenyewe. Apige magoti mbele ya wazee, alifute lile neno, ndipo tutaongea." Kwetu Wahaya hilo si jambo geni. Mwanamume akimkosea mkewe mpaka akarudi kwao, anakwenda ukweni, anapiga magoti, kesi inasikilizwa, na mpaka iishe hapewi hata ile kahawa ya kutafuna anayopewa kila mgeni. Mimi nikajibu kwa jeuri, "Mwambieni mzee daktari amenikataza kuinama." Lo, nilijiona mjanja! Nilimtaka mke wangu mpaka chakula hakipiti kooni. Ila nilitaka arudi mimi nikiwa nimesimama wima.

Kwa basi nisingefika mzima, na rafiki yangu alilijua hilo. Alikuwa mnunuzi wa kahawa, mtu wa kitambi na maneno mengi, na mwaka ule alikuwa amenunua gari la Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Mawe, mama yangu! Gari gani lile? Jekundu, la mashindano ya mbio, viti viwili tu, juu turubai, na fupi hivi kwamba ukiwa ndani mbuzi anakutazama kwa dharau. Akasema, "Munywani wangu, mimi nitakupeleka ukweni kama bwana harusi." Kwa Kihaya rafiki wa kweli ndiye munywani, na siku ile alinithibitishia urafiki kwa kunitesa.

Alipolisimamisha mbele ya kibaraza nilitoa futi yangu ya kupimia. Nilitaka kujua. Kiti changu cha kushonea kilikuwa inchi kumi na tisa kutoka chini. Cha gari kilikuwa inchi kumi na moja. Nikasimama pale na futi mkononi nikiwaza: inchi nane tu, upana wa mfuko wa koti na kidogo, zinawezaje kumtisha mtu mzima? Muuguzi alikuwa amenifundisha kukaa. Kipe kiti mgongo, shika pande zote mbili, shuka umenyooka kama ubao. Lakini yeye alifikiria kiti cha kawaida, cha watu, siyo hiki kilichokuwa jirani na udongo.

Watu wakajaa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kila mmoja alikuwa na shauri lake. "Aingize kichwa kwanza!" "Hapana, mlazeni kama mkungu wa ndizi!" Mama mmoja muuza samaki alisema turubai litolewe nishushwe kwa juu, na kusema kweli hilo ndilo lilikuwa shauri la akili kuliko yote. Mwishowe niligeuka, nikashika ukingo wa kioo cha mbele kwa mkono mmoja na mlango kwa mwingine, nikaanza kushuka. Nilishuka vizuri. Kisha mikono ikafika mwisho wake na matako bado hayajafika. Inchi nne za mwisho nilimwachia Mungu. Nilipotua nililia kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ni yangu, na watu wakapiga makofi.

Barabara ya Muleba ilikuwa ya changarawe, na kila jiwe nililipokea binafsi. Lakini nakumbuka zaidi ule udadisi ulionishika. Mwili huu nimeupima kwa watu maelfu, kifua, bega, urefu wa mkono, na sikuwahi kujua jinsi viungo vinavyosaidiana. Ukicheka, mgongo unasikia. Ukikohoa, unasikia zaidi. Hata kugeuza macho kutazama ziwa upande wa kushoto kulikuwa na kamba inayovuta mahali fulani kiunoni. Nikawa najaribu moja moja: kidole gumba cha mguu, kidevu, kombe la bega. Rafiki yangu akaniuliza, "Unacheza ngoma gani humo?"

Tulipumzika Kemondo. Akanishika mikono miwili akanivuta nje kama mtu anayeng'oa muhogo, nikaona nyota mchana kweupe. Nikamtukana, akacheka, tukaendelea. Muhutwe tulijaribu kwa fimbo tuliyoazima kwa mpita njia. Fimbo ikateleza kwenye changarawe, nikarudi kitini kwa kishindo, na mwenye fimbo akaichukua haraka akaenda zake bila kuaga.

Mara ya tatu tulisimama kwa sababu gari lilichemka, tukiwa tumeikaribia Muleba. Rafiki yangu akateremka kwenda kutafuta maji kijitoni, nami haja ndogo ikanibana vibaya. Hakuna mtu, hakuna fimbo. Nikageuza mwili wote kwa pamoja kuelekea mlangoni, nyonga zikatangulia, nikatelezesha goti la kushoto mpaka likagusa ardhi, kisha la kulia. Nikawa nimepiga magoti nje ya gari, mkono umeshika mlango. Nikajisukuma kwa mapaja, nikasimama. Ala! Hakuna maumivu hata chembe!

Sikuamini. Nilipomaliza haja yangu nilirudi garini kwa makusudi nikashuka tena vilevile. Halafu tena. Rafiki yangu alirudi na debe la maji akanikuta barabarani nimepiga magoti, natabasamu peke yangu. "Umeokoka?" akaniuliza. Nikamweleza jinsi uzito unavyokwenda kwenye paja na mgongo unavyobaki wima muda wote. Yeye akasikiliza, akatikisa kichwa, kisha akasema polepole, "Kwa hiyo ukifika kwa mkweo utashuka hivyo?"

Hapo ndipo akili ilinirudia. Njia pekee ya kushuka gari lile bila kulia kama mtoto ilikuwa kupiga magoti, na magoti ndiyo hasa niliyoapa kwamba ukweni hawatayaona. Nikamwomba anishushe kando ya barabara, nyuma ya migomba, nijiandae nitembee mpaka mlangoni kama mwanamume. Akaapa kwamba atafanya hivyo.

Lakini mwenye gari jekundu hawezi kulisimamisha mahali ambapo halionekani. Tulipofika aliingia moja kwa moja kwenye njia ya migomba, honi juu, kuku wakaruka, na akasimama katikati ya uwanja hatua tano kutoka mlangoni. Baba mkwe alikuwa amekaa nje na wazee watatu. Wote wakainuka.

Nikawa nimekaa, wao wamesimama. Kwetu mkwe hasalimii wakwe huku amekaa, hilo hata mtoto anajua, na mimi nilikuwa chini hivi kwamba macho yangu yalitazamana na magoti ya kanzu zao. Nilijaribu njia ya muuguzi. Nikainuka inchi mbili, nikarudi. Nikajaribu tena. Mzee mmoja akamuuliza mwenzake kwa Kihaya, bila kushusha sauti, kama siku hizi mjini watu wanasalimia ukweni wakiwa wameketi. Uso wa baba mkwe ulianza kukunjamana. Nikaona akigeuka arudi ndani, na nikajua akiingia mlango ule safari imekwisha na mke nimemkosa.

Basi nikageuka, nyonga zikatangulia, goti la kushoto, goti la kulia.

Kisha mama mkwe, aliyekuwa ametokea upande wa jikoni, akapiga kigelegele, na wanawake wengine wakaitikia. Baba mkwe akanijia mikono imenyooka, machozi yanamlengalenga. "Mungu mkubwa," akasema. "Mtu aliyepasuliwa mgongo kapiga magoti! Wazee, tunataka nini tena? Basi, mwanangu. Yamekwisha." Mama mkwe akaleta kikapu kidogo cha kahawa, akanitilia punje katika kiganja cha kulia, nami bado nimepiga magoti, mkono wa kushoto umeshika mlango. Rafiki yangu alikohoa na kujifanya anakagua tairi.

Nami nikanyamaza. Siwezi kujitetea. Nilikuwa nimeandaa hotuba nzima kuhusu mke anayemtoroka mgonjwa, na sasa nikaona sihitaji hata hotuba. Nimepata kila kitu bure, bila kusema neno. Nilifurahi, tena nilifurahi kwa ujanja, jambo ambalo mpaka leo linanitia aibu.

Mke wangu akatoka ndani. Alikuwa amekonda. Alinitazama, akalitazama gari, kisha akautazama mkono wangu wa kushoto, akautazama kwa muda mrefu.

"Fundi," akasema, "umepiga magoti, au unashuka gari?"

"Binti!" baba yake akamkemea.

"Tata, niwie radhi. Namuuliza yeye. Huyu nimemshusha kitandani miezi minne, najua anavyotafuta pa kushika. Mtu anayeomba radhi hashiki mlango." Akazunguka kidogo, akachungulia ndani ya gari. "Tena viti ni viwili. Amekuja kunichukua. Mimi angeniweka wapi?"

Na mimi, mtu wa futi na inchi, niliyepima kiti, niliyepima mlango, niliyechunguza mpaka kidole gumba changu, sikuwa nimefikiria hata mara moja mahali ambapo mke wangu angekaa. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikaiweka kahawa chini kwenye majani. Nikauachia mlango. Mgongo ukaanza kutetemeka palepale.

"Nilikuwa nashuka gari," nikasema.

Wazee wakanung'unika. Shemeji zangu wawili, kaka zake mke wangu, wakatoka kwenye migomba wakanijia, na nyuso zao hazikuwa za watu wanaokuja kusaidia.

"Msiniinue kwanza," nikawaambia. Nikamgeukia yeye. "Nilikusema mbele ya watu, kwa hiyo nalifuta lile neno mbele ya watu. Hukunivunja mgongo. Wewe ndiye uliyeubeba. Neno lile lilikuwa uongo, na nililijua kuwa uongo nilipolitamka. Kule Kampala kila mlango wa wodi ulipofunguliwa nilidhani ni wewe, na kila mara nikawa najiambia ni haki yangu, nani angekuja? Hujanitoroka. Nilikufukuza. Kama hutaki kurudi nitasema hapa hapa kwamba kosa ni langu, na nitarudi Bukoba peke yangu. Lakini sikuja kukwambia hivyo, nisikudanganye. Nilikuja kukushinda."

Safari hii hapakuwa na kigelegele. Jasho lilinichuruzika mpaka kwenye kola. Changarawe ya barabarani ilikuwa imenichoma magotini, mguu wa kushoto umeanza kuingia ganzi, na nilijua kwamba sasa, bila mlango, sina namna yoyote ya kusimama.

Baba mkwe alinitazama, akamtazama binti yake. Kisha akawafanyia ishara wale shemeji zangu, nao wakainama, mmoja huku na mmoja huku, wanishike makwapani.

"Mwacheni," mke wangu akasema, akiwa anajifunga kanga kiunoni. "Hamjui pa kumshika."