Ukoko Chini ya Shaba

Kwa miaka thelathini na moja Bushta alikoka moto wa hamamu moja mjini Fez, wala hakuwahi kuuona ukumbi wanamooga wanawake. Aliujua kwa masikio tu: ndoo, vicheko, maji. Mahali pake palikuwa tanurini, nyuma, penye vumbi la mbao na sufuria ya shaba kubwa kama chumba, iliyojengewa ukutani.

Kila Ijumaa alitia humo kikapu cha maganda ya komamanga. Maji ya Fez yana chokaa nyingi. Yakichemka, chokaa hushikana, chembe juu ya chembe, hadi iwe jiwe. Asidi ya maganda huzing'ang'ania chembe hizo zingali changa, zikashindwa kukua. Bushta alisema kwa kifupi: "Ganda hulinyima jiwe chakula."

Lakini maganda hutia maji umanjano, na Si Thami, yaani Bwana Thami, aliyerithi hamamu kwa babake, alitaka maji meupe kwa ajili ya maharusi.

"Watu wanakuja kuoga, Mzee Bushta, si kunywa chai."

Maganda yakakoma. Miezi minne ukoko wa chokaa ulijijenga chini ya maji. Moto ukaongezwa, maji yakazidi kuchelewa. Kisha sufuria ikaanza kugonga kwa ndani, kama mtu aliyefungiwa.

Siku ya kuoga bibi harusi, binti wa fundi ngozi, wanawake arobaini wakiwa ndani, Bushta alikiona kitako cha sufuria kimekuwa chekundu. Jiwe lilikuwa limeyatenga maji na shaba. Likipasuka, maji yataiangukia shaba inayowaka, na mvuke utailipua sufuria.

Akaanza kuvuta makaa nje. Si Thami akampokonya koleo.

"Maji yamepoa, bibi harusi analalamika! Umezeeka, nenda kalale."

"Mwanangu, toka hapa. Nakuomba."

"Toka wewe!" Akautupia moto kokwa za zeituni.

Bushta alizunguka mbio hadi mlango wa wanawake. Lalla Zhor, mlinzi wa mlango, akaziba njia.

"Watoe wote!"

"Bibi harusi ana hina kichwani, baba. Umelewa?"

Hapakuwa na muda wa kueleza. Bushta akavua viatu, akapaza sauti: "Mwanamume anaingia!"

Wakatoka mbio, wamejitanda mashuka, wakimvurumishia ndoo. "Kizee kichafu! Huna haya?" Alisimama amefumba macho, huku Lalla Zhor akihesabu vichwa. Bibi harusi alitoka wa mwisho.

Ukuta ukanguruma. Mvuke ukafumka mlangoni, na matusi yakakatika.

Bushta alikuwa tayari anakimbia, pekupeku, kurudi tanurini, akiliita jina la Thami, ambaye yeye alimbeba mgongoni zamani za utoto wake. Hakuitikiwa.