Dodo za Mwenye Nyumba

Nilipokuwa mtoto niliogopa mizimu kuliko njaa, na aliyenitia woga huo ni bibi yangu, mama yake mama. Alisema kirazira, ni mwiko, kung'oa mboga alizopanda mtu mwingine bila kumwekea mbegu zake. Ukifanya hivyo, mwenye mkono uliopanda atakuja kuziulizia, hata awe amekufa.

Mwaka 1994 tulitoka Bujumbura tukaingia Kigali, na kule Kimisagara tukahamia nyumba tuliyoikuta wazi. Wenyewe walikuwa wamekimbia vita, nasi hatukuwajua. Walikuwa wameacha viti, masufuria, na nyuma ya jiko bustani iliyokwisha msimu wake: maharage yamekauka, na dodo, yaani mchicha, zimenipita kimo na kujaa mbegu. Mvua zilikaribia. Mama, ambaye hakuvumilia uchafu, akaamua tung'oe vyote tuchome. Bibi alimwomba abakize hata shina moja la dodo. Mama akacheka, akasema hayo ni mambo ya zamani. Nami nikacheka, nikawa nakokota mabua hadi kwenye moto, raha tupu.

Baada ya hapo nililala nimejifunika kichwa, nikiusubiri mzimu.

Aliyekuja alikuja mchana, amevaa kandambili, mtoto mgongoni. Alimsalimia mama kwa heshima. Mama akamwambia, "Karibu, dada, kaa," na mgeni akakipapasa kiti alichosogezewa kama mtu anayekijua; ndipo mama akatambua kuwa kilikuwa chake.

"Ya nyumba tutaongea siku ingine," mgeni alisema. "Nilikuwa nauliza kama iko mbegu ya dodo mulibakisha. Ni mama yangu alinipatia, na yeye hayuko tena."

Bibi alitazama kule nyuma ya jiko. Mgeni akaliona jivu, akaelewa, akatuaga vizuri kabisa, na hilo lilituuma kuliko matusi. Nilitamani angekuwa mzimu. Mzimu ningeukimbia, huyu nilimwonea haya, na haya hiyo haijanitoka.

Mvua ziliponyesha, dodo zilichipuka zenyewe kandokando ya jivu. Mama alimtafuta yule dada Kimisagara nzima asimpate. Mwishowe akazipika. Bibi alikula viazi vitupu.

Nikiulizwa leo kama naamini miiko ya bibi, husema sijui. Ninachojua ni kwamba mwenye mkono alikuja kuuliza, akaondoka bila kitu, na mimi nilikula mboga za mama yake nikaomba niongezewe.