Nyanya Zilizokuja na Gari la Televisheni

Mengi ya juzi nimeyasahau, mwanangu, lakini kuna asubuhi moja pale mtaani Rhonda ambayo bado naikumbuka. Ulikuwa mwaka wa elfu mbili na saba, wakati wa kampeni, na kila ukuta wa Nakuru ulikuwa na picha ya mtu anayeahidi kukubadilishia maisha. Kwa hivyo gari la televisheni liliposimama mbele ya kibanda changu cha nyanya na viazi na kuahidi lilo hilo, sikushangaa. Niliuliza tu kama ni bure, ama ni ile bure ya kulipa baadaye.

Siku hizo nilikuwa nabeba gunia la viazi bila kuuliza mgongo ruhusa. Nyanya zangu zilitoka mashamba ya Kabazi. Nilizichagua moja moja, kisha nikazichagua tena, maana mkulima naye anajua kuficha mbovu chini ya kreti. Mtu wa Rhonda hakuwa na haja ya kupindua nyanya zangu, na hiyo ndiyo iliyokuwa mali yangu. Kibanda chenyewe kilivuja.

Kipindi chao kilikuwa cha kufufua biashara ndogo. Mkubwa wao, kijana wa kofia, alinionyesha mabati mapya na rafu za chuma. Nikazihesabu, nikarudia. Zilikuwa za kweli. Nikakubali wapige picha za "kabla", wanitengenezee, halafu wapige za "baada".

Nikaenda nyuma kufunga kitambaa kizuri kichwani. Niliporudi, meza yangu ilikuwa imejaa nyanya zilizooza, zinachuruzika maji, na nzi wameshaitana. Zangu zilikuwa chini ya meza, zimefunikwa gunia.

"Hizi zimetoka wapi?"

"Tumekuja nazo, mathe. Ni za kabla. Usijali, kwa baada tutaweka nzuri."

Mara Mzee Wafula akafika na kikapu. Alikuwa fundi wa reli aliyestaafu, mteja wangu wa kila asubuhi. Akatazama meza, akanitazama mimi.

"Mama Njeri, umefiwa wewe, ama zimefiwa nyanya?"

Kijana wa kofia akafurahi kweli. "Mzee, hiyo ni poa! Rudia, lakini kwa hasira. Kamera iko huku."

"Nirudie, kwani hukusikia?" Kisha akanigeukia. "Nauliza huyu. Hizi ni zako ama si zako?"

Mwanangu, upande mmoja rafu zinang'aa, upande wa pili mzee na kikapu kitupu. Nyuma yake mtaa umeshajaa, maana kamera huita watu kuliko kengele ya kanisa. Nikisema ni zangu, napata paa, na nchi nzima inajua Mama Njeri huuza uozo. Wahenga walishasema, samaki mmoja akioza, wote wameoza.

"Si zangu, mzee. Zimekuja na gari."

Watu wakaangua kicheko. Kijana akazima kamera. Lakini mimi siachi bei njiani.

"Bosi, tuelewane. Paa bovu ni langu, piga. Matope ni yangu, piga. Uso nitakunja. Nyanya mbovu, hapana."

"Mathe, bila kitu kuoza hakuna kipindi. Utalilia nini?"

"Nitalilia paa."

"Paa halitoshi."

"Basi hatujauziana."

Wakapakia rafu na mabati, wakaenda. Nikarudisha nyanya zangu mezani. Mzee Wafula akaomba punguzo kama kawaida, nikamnyima kama kawaida, nikamwongezea mbili kama kawaida.

Kipindi walikifanya kwingine. Nilikitazama kwa jirani: muuzaji akalia, rangi ikapakwa, wateja wakamiminika. Niliwaangalia sana wale wateja. Hakuna hata mmoja aliyeomba apunguziwe. Mteja wa Nakuru asiyeomba kupunguziwa? Huyo ameletwa.

Sisemi kila kitu kilikuwa uongo. Wazo la rafu lilikuwa zuri, nami nililichukua bila kulilipia: fundi mmoja wa kule Bahati alinigongea za mbao, na bei tulivutana mpaka akacheka.

Kwa hivyo, mwanangu, ukiona kwenye televisheni duka limefufuka kwa nusu saa, tazama rangi, beba wazo, lakini uliza ni nani aliyeliua kwanza. Na gari hilo likisimama mlangoni kwako, waache waonyeshe shida yako ya kweli. Hiyo si aibu. Ubovu usio wako usiupokee, hata ukija na paa jipya juu yake. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, tena siku hizi chatembea na kamera.

Mungu akupe jicho la kuchagua, ulimi wa kukataa, na wateja wa kukusumbua bei mpaka uzeeni.