Aliyeiamkia Nguzo

Wiki iliyopita tulimzika muuza saa za ukutani wa Kariakoo, yule mzee aliyekuwa akigawa ushauri bure kwa kila aliyepita mbele ya meza yake. Presha ilimchukua akiwa usingizini, chumbani kwake Buguruni. Wasomaji wangu wa siku nyingi watashangaa kuniona nikimwombolezea mtu wa aina hiyo, maana safu hii imezoea kuwabana watu wanaosema mambo bila ushahidi, na yeye hakuwahi kuwa na ushahidi wa lolote. Alimkataza bwana harusi mmoja kununua kitanda siku ya mawingu. Mimi alinishauri nile chungwa kabla ya usaili wa kazi Posta, ili maneno yasitoke makavu. Nikala. Kazi sikuipata, doa kwenye shati nililipata.

Meza yake ilikuwa kwenye korido ya chini ya jengo ambamo dada yangu anauza mapazia, pembeni ya nguzo nene iliyo mlangoni pa duka la dada. Kila asubuhi, kabla hajapanga saa zake, aliiwekea kiganja nguzo hiyo na kusema, "Shikamoo." Wauzaji wa korido nzima wakaitikia, "Marahabaaa!" na biashara ikafunguliwa kwa kicheko. Siku moja nikamuuliza, "Mzee, kwani hii nguzo imekuzidi umri?" Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, hii imebeba ghorofa nne kichwani na hailalamiki. Wewe ukipewa kapu la mama yako unaita bodaboda." Nilizomewa mpaka nikatoka nje.

Kisha mwenye jengo akaanza kuchimba chini, apate stoo zaidi za kupangisha. Mafundi waligonga kutwa, saa za mzee zikawa zinatetemeka kwenye misumari. Asubuhi moja aliiamkia nguzo kama kawaida, lakini korido ilipoitikia akainua mkono. "Nyamazeni. Sijawaamkia ninyi." Akasubiri, kiganja palepale. "Leo haijaitikia," akasema. "Hameni." Tulicheka kuliko siku zote. "Imekununia, mzee! Inunulie chai!" dada akamtania. Mzee alibeba meza yake akahamia ng'ambo ya barabara, juani, na tangu hapo hakukanyaga tena ndani. Kila alipomwona dada akifungua duka alipaza sauti, "Mama mapazia, bado upo tu?" Naye dada alimjibu, "Nitahama siku ukifa, mzee!" Mtaa mzima ukacheka, yeye pia.

Tulipotoka mazikoni nilipitia dukani. Nguzo ilikuwa imefunikwa pazia zito la rangi ya damu ya mzee, kuanzia juu hadi sakafuni. "Wateja waone mzigo mpya," dada akasema, bila kunitazama. Akaingia mama mmoja, akalitaka pazia hilohilo. Dada akamwonyesha jingine, akamwonyesha la tatu. "Dada'ngu, nimesema lile," mama akasema, akalivuta mwenyewe. Ufa ulishuka kutoka darini mpaka chini, na katikati yake kidole changu kingeingia. Yule mama aliliachia pazia, akakumbatia mkoba wake, akaondoka bila kuaga. Chini ya miguu yetu nyundo ziliendelea. Hakuna aliyecheka.

Sijaanza kuamini kwamba nguzo huitikia salamu. Chuoni tulifundishwa kumhoji anayesema, na bado naona ni mafunzo mazuri. Lakini mtu akishapata jina la kichekesho tunaacha kuhoji, tunasubiri kuchekeshwa tu. Korido nzima, wenye vyeti na wasio navyo, tulijua kwamba mzee yule husema upuuzi, na hilo likatutosha. Hakuna aliyeinama kutazama nguzo yenyewe. Tulimchunguza msemaji, tukakiacha alichokuwa akikigusa.

Dada alisimama kitambo akitazama ng'ambo ya barabara, mahali ilipokuwa meza. Kisha akalikunja pazia lile, akateremsha la pili.

"Nishikie mfuko," akaniambia. "Nilimwambia nitahama akifa."

Maduka mengine ya korido bado yako wazi.