Ng'ombe Iliyogeuka Viatu

Watu wa Mushaki wanapenda kusema kwamba mudogo wangu Hakorimana alishindwa kwa sababu hatukuwa na mali. Uongo! Mali tulikuwa nayo, na njo ile ilimuangusha. Mimi Mukandori niko na haki ya kusema, maana ile mali ilitoka kwangu.

Mwaka wa 1952 alikuwa na miaka kumi na minane. Alikuwa anabeba barua za misioni: anateremuka asubuhi mpaka Sake, na mbele ya saa sita ameisha kurudi, pumzi tulivu, anaomba viazi. Moniteri Albert, mwalimu wa shule, alimupima na saa yake mara tatu, akakuja kwetu mbio.

"Papa Mbonigaba, huyu mutoto anaweza kufika Léopoldville! Kuko mashindano ya mbio ku Goma. Wawili wa kwanza wanaingia mu timu ya Kivu, ile itaenda kukimbia Léopoldville. Lakini asiye na viatu, hawamuandike."

Viatu? Kwetu hakukuwa kitu cha kuuza ila binti. Papa akanioza kwa Nzabonimpa wa Kalembe, aliyefiwa na bibi yake, mutu mupole. Alitoa ng'ombe jike moja. Shangazi zangu walinifinya ili nilie, maana bibi-arusi asiyelia anawatia wazazi haya. Niliwaangalia tu.

Kwetu ng'ombe ya mahari haiuzwe. Inangojewa izae, na ndama moja inapelekwa kwa ule binti, apate heshima nyumbani mwa bwana wake. Papa aliiuza mbele haijazaa. "Hakorimana akifika Léopoldville," alisema, "atakuletea makumi." Nilimuamini, ao nilijifanya kuamini. Sijui tena.

Sasa musikie upumbafu wetu. Viatu vilipopatikana, Papa alivifunga mu kitambaa, akavitundika ku dari. Viatu vya bei ya ng'ombe vikanyage matope ya Mushaki? Hata kidogo! Mudogo wangu akaendelea kujizoeza miguu mitupu wiki sita. Moniteri Albert alipouliza kama viatu viko sawa, Papa alijibu kwa majivuno: "Vingali vipya kabisa!"

Ku Goma njo alivivaa mara ya kwanza mu maisha yake. Mizunguko miwili ya kwanza alitangulia wote. Kisha visigino vikachubuka, damu ikajaa mu viatu. Alitaka kuvivua palepale, akakumbuka vimetoka ku nini, akaviacha ku miguu. Alimaliza wa tano.

Habari ilinifikia Kalembe kwa wenye kuuza chumvi. Mama-mukwe wangu Annonciata akapiga makofi: "Ehee! Basi ndama yetu imekimbia!" Tangu siku ile, ndama ya jirani ikilia, ananiuliza kama ni ya kwetu. Ninapeta maharagi. Watu wananisifu eti niko na uvumilivu. Haiko uvumilivu. Ni kama muguu uliolaliwa: unaufinya, hausikii.

Hakorimana aliingia kazi mu shamba la pareto la muzungu, miaka mine. Mwaka wa 1956 akatokea ku mulango wangu, anakokota ndama na kamba, amekonda, macho mekundu kwa vumbi ya maua ya pareto. Annonciata alipiga vigelegele mpaka majirani wakakuja kuangalia.

Nilimupa maji, akakunywa amesimama. Nikamuuliza: "Ungali unakimbia?"

"Kukimbia kwenda wapi, dada?"