Hedfoni Mbili na Sauti Moja

Siku ya tatu ya kuzipima zile hedfoni, fundi alikuwa amefikia hatua ya kusema nazo, jambo ambalo mkewe, aliyekaa sebuleni na mguu wake juu ya stuli, alilisikia vizuri.

"Nyinyi mnanitafutia wazimu," fundi alisema.

"Zimeshakujibu?" mkewe akauliza.

"Mwalimu, niache nifanye kazi."

Ndivyo walivyoitana kwa miaka thelathini na sita, Mwalimu na Fundi. Mke alifundisha darasa la kwanza mpaka alipostaafu, na mume alikuwa mtu wa mitambo ya sauti. Sasa, katika chumba cha nyuma kilichokuwa cha watoto, alisafisha kanda za zamani. Kwaya na familia humletea kaseti zilizochakaa. Yeye huzihamishia kwenye kompyuta, kisha huondoa mvumo na mikwaruzo kidogo kidogo, kama mtu anayechambua mchele, mpaka sauti za waimbaji, ambao wengine wao walikwisha kutangulia mbele ya haki, zisimame zenyewe. Kazi hiyo haifanyiki kwa spika. Inataka hedfoni.

Zake za zamani zilifunika masikio gubigubi, naye alizipenda kwa sababu hiyo. Lakini miezi minne iliyopita, alipokuwa amezivaa, Mwalimu aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Kutoka kwenye kiti cha fundi hadi bafuni ni hatua tisa. Alimwita mumewe kwa muda wa nusu saa. Waliporudi kutoka hospitali, fundi alizifungia hedfoni zile kabatini, na ufunguo akamkabidhi mkewe bila kuombwa.

Ndipo alipoanza kutafuta zile za mgongo wazi, ambazo nyuma yake zina wavu badala ya kifuniko, ili sauti za nyumbani ziweze kuingia sikioni pamoja na muziki. Alizunguka maduka mpaka soli zikalalamika, na mwisho zikabaki jozi mbili: nyeusi, na za kijivu zilizouzwa karibu nusu ya bei ya nyeusi. Wavu ule ule, uzito ule ule, na kwenye maboksi yote mawili yameandikwa maneno yale yale ya kujisifu.

"Mzee wangu, hizi ni mapacha," mama muuza duka alimwambia. "Nyeusi zina jina, za kijivu zina nafuu."

"Sikuulizi habari za ukoo wao. Zipi zina sauti nzuri?"

"Zote."

"Mama, 'zote' si jibu."

"Basi kaa nazo nyumbani mpaka Jumamosi saa sita. Ukiniletea zenye mkwaruzo, nitakufuata mpaka mlangoni kwako."

Fundi alifungua daftari, akapiga mstari katikati ya ukurasa. Nyeusi: sauti imejaa, waimbaji wako mbele. Kijivu: sauti imepoa. Akabadilisha kanda, nyeusi zikashinda. Akabadilisha hata kiti, nyeusi zikashinda. Kilichomkera ni kwamba hakuweza kusema tofauti iko wapi. Besi ni ile ile, mikwaruzo inasikika mahali pale pale, lakini nyeusi zilikuwa bora tu, basi, kama mtoto anayependwa bila sababu. Jumamosi asubuhi akalifunga daftari kwa kishindo.

"Nachukua nyeusi. Nimechoka!"

"Hujazipima," mkewe alisema.

"Siku tatu, Mwalimu!"

"Hujazipima kwa kazi iliyotuleta hapa. Vaa. Mimi nitakuita kutoka bafuni."

"Ni za mgongo wazi. Hata inzi akipita nitamsikia."

"Vaa, Fundi."

Akavaa zile nyeusi huku akinung'unika. Kwaya ikaimba ubeti wa kwanza, ikaimba wa pili. Mwanzoni mwa wa tatu, ncha ya mkongojo ilimgusa begani.

"Nimekuita mara nne," Mwalimu alisema. "Ya mwisho nimeita kama ninavyoita darasa lililotawanyika uwanjani."

Fundi akazivua, akavaa za kijivu. Safari hii aliitwa mara moja tu, akaitika.

Wavu ni ule ule. Basi ni nini? Macho yake yakaangukia kitufe cha sauti cha mtambo wake. Alikuwa amekibandika kwa utepe ili kisisogee hata unywele, eti mashindano yawe ya haki. Akajipiga kofi kwenye paji la uso. Hedfoni nyeusi hazihitaji nguvu nyingi za mtambo: kitufe kikiwa mahali pamoja, zenyewe hupaza sauti zaidi, na sikio la binadamu hudhani kikubwa ndicho kizuri. Kwa miaka thelathini alikuwa amewafokea wanagenzi kwa kosa hilo hilo.

Akaubandua utepe, akasawazisha sauti, akafumba macho. Mwalimu akamvisha.

"Hizi?"

"Nyeusi."

"Za kijivu. Na hizi?"

"Za kijivu."

"Nyeusi. Umefeli, kijana."

Sauti ilipopunguzwa, naye aliposikia wito wa mkewe katika nyeusi pia, shauri likaisha. Saa sita kasorobo alikuwa dukani akirudisha boksi la nyeusi na kulipia za kijivu.

"Nilikuambia nini, mzee?" mama akaanza.

"Usiseme. Tafadhali, usiseme."

Alasiri hiyo alikaa kusafisha kanda kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne. "Fundi!" Akazivua hedfoni, akapiga kiti teke, akafika sebuleni akihema. Mwalimu alikuwa akishona kifungo.

"Kuna nini?"

"Hakuna. Najaribu."

"Mwalimu, hii ni mara ya tano!"

"Na zote tano umekuja."

Akarudi chumbani akibwata peke yake, akaketi, na kabla ya kuiendesha tena kanda akapunguza sauti kidogo zaidi.